MAZUNGUMZO YA NYUMBANI: Duka la Piccadilly na Mama wa Nyanya



Katika safari yetu ya Uingereza tuliona mengi ya kustaajabisha, na kama tungeyaandika yote, kurasa hizi zisingetosha. Mwezi huu twataka kuwasimulia jambo moja tu, yaani jinsi tulivyokwenda kutazama duka la vyakula. Huenda wengine watacheka na kusema, "Je, mtu asafiri mwendo wote huo, akatazame duka?" Sisi nasi tulicheka vivyo hivyo tulipoambiwa habari hiyo. Lakini tulitoka katika duka lile tumepata fundisho ambalo hatukulitafuta, na lilikuwa chungu kidogo, kama dawa nyingi zilivyo.

Tulifuatana na rafiki zetu watatu. Wa kwanza ni mwalimu wa kike, mzaliwa wa milima ya Kericho, tunayefundisha naye shule moja. Wa pili ni mumewe, fundi seremala, mtu wa maneno machache. Wa tatu ni mwenyeji wetu, Bibi mzee wa Kiingereza aliyefundisha kwetu miaka mingi, naye hajasahau Kiswahili chake. Siku hiyo Bibi alituambia, "Leo nitawapeleka mahali ambapo hata mimi siendi ila mara moja kwa mwaka. Vaeni vizuri."

Duka lenyewe liko katika mji wa London, katika barabara iitwayo Piccadilly, na jina lake ni Fortnum & Mason. Tulifika kabla ya saa tano ya mchana kidogo, na Bibi akatusimamisha nje ng'ambo ya barabara, akisema, "Ngojeni." Juu ya mlango kuna saa kubwa, iliyowekwa mwaka 1964. Hata saa ilipotimia, kengele zikaanza kulia, milango midogo ikafunguka, wakatoka watu wawili wa sanamu wenye mavazi ya kale, mmoja amechukua sinia na mwenziwe amechukua mishumaa. Wakageukiana, wakainamiana kwa adabu, kisha wakarudi ndani. Bibi akasema, "Hao ndio Bwana Fortnum na Bwana Mason, wenye duka. Wamekufa zamani sana, lakini kila saa hutoka kuamkiana." Fundi wetu aliitazama saa ile mpaka tukamshika mkono.

Habari ya mishumaa hiyo ni hii. Yasimuliwa kwamba William Fortnum alikuwa mtumishi katika nyumba ya Malkia Anne. Desturi ya nyumba ya kifalme ilikuwa kuwasha mishumaa mipya kila usiku, wala hawakutaka kuona iliyotumika jana. Fortnum akapewa ruhusa kuichukua mishumaa iliyobaki, akaiuza, na kidogo kidogo akaweka akiba. Alikuwa amepanga chumba katika nyumba ya Hugh Mason, aliyekuwa na duka dogo, na mwaka 1707 wakashirikiana. Basi duka kubwa kama hilo mwanzo wake ulikuwa vipande vya mishumaa ambavyo wakubwa hawakuvitaka. Akina mama wa nyumbani, wekeni habari hiyo moyoni.

Tukaingia. Mlangoni alisimama mtu mwenye koti refu jeusi, akatuamkia kana kwamba tu wageni wa karamu. Sakafu imetandikwa zulia jekundu, katikati kuna ngazi inayozunguka, na taa zinang'aa kila upande. Hapana kelele wala kusukumana. Chai iko katika makopo ya rangi ya kijani iliyochanganyika na buluu, mamia kwa mamia, yamepangwa kama vitabu katika maktaba. Biskuti zimo ndani ya makopo yenye kupiga muziki. Kuna jamu za matunda ambayo hatuna majina yake, na peremende zilizopangwa moja moja kama vito. Tena kuna vikapu vikubwa vya vijiti vilivyosukwa, vimeandikwa herufi mbili za duka, ambavyo hujazwa vyakula na kupelekwa hata nchi za mbali. Chini ya ardhi kuna orofa nyingine, nako tuliona nyama, samaki, matunda, na jibini za namna nyingi, nyingine kubwa kama gurudumu la mkokoteni. Juu kabisa kuna chumba cha kunywea chai, kilichofunguliwa na Malkia Elizabeth mwaka 2012. Na juu ya paa, Bibi alituambia, kuna mizinga ya nyuki tangu mwaka 2008, ambao hutafuta maua katika bustani za mji. Nyuki katikati ya London! Fundi akasema neno lake la kwanza siku ile: "Kumbe hata mjini mdudu hupata riziki yake."

Tuliuliza maswali mengi, naye Bibi alijibu kwa subira. Alituambia kwamba wakati wa vita vya Krimea, katika karne ya kumi na tisa, Malkia Victoria aliagiza kwa duka hili ratili 250 za supu ya nyama iliyokolezwa, apelekewe Bibi Florence Nightingale kwa ajili ya askari wagonjwa. Tena akatuonyesha jambo la kuchekesha. Maharagwe ya mkebe, ambayo leo ni chakula cha kila siku cha Waingereza, hata cha maskini, yaliletwa hapa mwaka 1886 na Bwana Heinz kutoka Marekani, yakauzwa kama kitu cha anasa. Hapo tulicheka sana. Maharagwe! Mwalimu akasema, "Basi sisi tumelelewa kwa anasa tangu utoto, wala hatukujua."

Hata hapo furaha yetu ilikuwa nzima. Ilianza kugeuka tulipofika penye chai.

Mwalimu alichukua kopo moja akasoma maandishi yake. Ilikuwa ni chai ambayo duka lilichanganya kwa ajili ya arusi ya Mwana wa Mfalme William mwaka 2011. Ndani yake mna majani ya Assam, nchi ya Bara Hindi, na majani ya Kenya, kwa kuwa bwana huyo alimposa mchumba wake huko Kenya mwaka 2010. Mwalimu akatuita kwa sauti, "Njoni mwone! Sisi nasi tumo!" Tukalizunguka kopo lile kama watu waliokutana na jamaa yao ugenini. Kisha Bibi akatafuta bei, akaitaja. Tukaigeuza kwa fedha yetu, tukaona kwamba kopo la gramu 250 lingetununulia kwetu kilo mbili nzima za chai, na chenji ingebaki.

Mwalimu akanyamaza. Akaendelea kulishika kopo kwa mikono miwili, akilipima uzito kama mtu apimaye mtoto mchanga. Halafu akasema polepole, "Mama yangu alichuma chai miaka thelathini na miwili."

Wasomaji wetu wa milimani wajua kazi hiyo, lakini wa pwani huenda hawaijui. Mchumaji huamka alfajiri, umande ukali mwingi, akavaa kitambaa kizito kiunoni asilowe, akabeba kikapu mgongoni. Hachumi ovyo. Huchuma majani mawili machanga pamoja na chipukizi lake, akaacha yaliyokomaa, akarudi kwenye kichaka kile kile baada ya siku kadha wa kadha. Majani yakishachumwa hayangoji; sharti yafike kiwandani siku ile ile, ama yataharibika. Huko hunyaushwa, hukatwakatwa, huachwa yageuke rangi, hukaushwa kwa moto, hupepetwa na kutengwa kwa daraja. Na kwa kilo moja ya chai kavu hutakiwa kilo nne au tano za majani mabichi.

Mwalimu ni mwalimu wa hesabu, basi alifanya hesabu yake palepale. "Kopo hili," akasema, "ni kilo moja na kidogo ya majani. Mama angeichuma kabla chai yake ya asubuhi haijapoa. Na kwa kilo hiyo alilipwa shilingi chache, akangoja bonasi mwisho wa mwaka, na kwa bonasi hiyo mimi nilisomeshwa. Sasa nataka kujua: zile fedha nyingine zilikwenda wapi?"

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira tungeijibu. Mumewe aliangalia chini. Nasi tulikosa neno.

Bibi ndiye aliyejibu, wala hakujitetea. Akasema, "Swali lako ni haki, mwanangu. Hesabu nami. Kuna kiwanda, na kuni za kukaushia. Kuna gari la kuteremka Mombasa, na mnada unaofanyika huko, na dalali. Kuna meli. Kuna mtu wa kuonja na kuchanganya, mtu wa kutengeneza kopo, kodi ya nyumba katika barabara ghali kama hii, na mshahara wa yule bwana wa mlangoni. Kila mmoja hukata kipande chake. Lakini hata nikihesabu wote, siwezi kukuambia kwamba mama yako alipata kipande kinachomstahili. Aliye mwanzo wa njia huuza bila kupanga bei. Aliye mwisho wa njia ndiye apangaye."

Twapenda wasomaji waelewe vizuri: hatulaumu duka lile, lililotupokea kwa heshima. Mambo yaliyosemwa na Bibi ni ya biashara yote ya chai, ya kopo la fahari na ya pakiti ya dukani kwenu. Nchini Kenya peke yake kuna wakulima wadogo wa chai zaidi ya laki sita, na kila mmoja wao yuko mwanzo wa njia.

Tulitoka na kopo moja dogo la biskuti, zawadi ya Bibi. Akatuona tumenyamaza, akasema, "Njoni tupumzike. Hapo jirani kuna mahali pa kukaa, na kuna mtu wa kwenu nataka mmjue." Tukaenda hatua chache, tukaingia katika kanisa la Mtakatifu Yakobo. Kanisa hilo lilijengwa na Christopher Wren na kuwekwa wakfu mwaka 1684, kwa hiyo lilikuwapo kabla ya duka. Liliharibiwa kwa mabomu mwaka 1940, likajengwa tena.

Bibi akatuonyesha picha nne za rangi zilizowekwa mwaka 2023, kazi ya Che Lovelace, mchoraji wa Trinidad. Zimewekwa kwa ukumbusho wa Mwafrika mmoja aitwaye Quobna Ottobah Cugoano. Huyu alizaliwa katika nchi ambayo leo ni Ghana. Alipokuwa na umri wa miaka kama kumi na mitatu alikamatwa na wafanya biashara ya watumwa, akapelekwa ng'ambo ya bahari mpaka kisiwa cha Grenada, akatiwa katika kazi ya utumwa mashambani. Mwaka 1772 aliletwa Uingereza, na mwezi Agosti mwaka 1773 akabatizwa katika kanisa hilo hilo. Baadaye alifanya kazi ya utumishi kwa mchoraji mmoja katika mtaa wa Pall Mall, karibu kabisa na hapo. Mwaka 1787 akaandika kitabu, akidai kwamba biashara ya watumwa ikomeshwe, na utumwa wenyewe ukomeshwe, neno ambalo wachache wakati ule walithubutu kulitamka waziwazi.

Tukaketi tukifikiri. Mtu huyo alipita katika barabara hii hii. Katika siku zake mabwana na mabibi wa mtaa ule walikunywa chai kwa sukari, na sukari ile ilitoka katika mashamba ya visiwa kama Grenada, ililimwa na watu kama yeye. Wao walionja utamu tu. Yeye alijua njia nzima, mwanzo wake hata mwisho wake.

Bibi akatuambia neno moja zaidi. Mwaka 1791, Bunge lilipokataa kukomesha biashara ya watumwa, mtu aitwaye William Fox alichapa kijitabu akiwasihi watu waache kula sukari ya watumwa. Wakaacha wengi. Thomas Clarkson, aliyezunguka nchi nzima kwa ajili ya jambo hilo, alikisia kwamba waliacha watu laki tatu. Wengi wao walikuwa akina mama wa nyumbani, wasiokuwa na ruhusa ya kupiga kura, lakini walikuwa na mamlaka juu ya bakuli la sukari. Biashara ya watumwa ilikatazwa kwa sheria mwaka 1807, na sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni ikapitishwa mwaka 1833. Hatusemi kwamba bakuli la sukari peke yake ndilo lililofanya hayo. Twasema kwamba watu hao walijifunza kuuliza swali lile lile la Mwalimu: kitu hiki kimefikaje mezani pangu, na kwa jasho la nani?

Basi hapo tulikuwa tumekwisha kutunga mioyoni mwetu makala nzuri ya kuwaonya Wazungu juu ya bei ya chai. Tukamwambia Mwalimu hivyo. Naye akatutazama kwa upole, akasema:

"Ndugu yangu, mwamkumbuka yule mama wa nyanya?"

Tulimkumbuka. Juma moja kabla ya safari tulikwenda sokoni pamoja, jioni. Mama mmoja mzee alikuwa ameketi chini na mafungu yake matatu ya mwisho. Akataja bei. Tukacheka, kama ilivyo desturi, tukataja nusu yake. Akapunguza kidogo. Tukajifanya twaondoka. Akatuita. Tukarudi, tukapunguza tena. Jua lilikuwa linakuchwa, na njia ya kwao ni ndefu, wala nyanya mbivu hazingoji kesho, kama vile majani ya chai yasivyongoja. Mwisho alisema, "Haya, chukueni tu." Tukachukua mafungu yote matatu kwa bei ya moja na nusu, na njiani tukajisifu kwamba twajua kununua.

Mwalimu akasema, "Siku ile nilinyamaza, na mimi pia nilizila zile nyanya. Lakini leo nilipolishika kopo lile, nilimwona yeye. Yeye naye yuko mwanzo wa njia. Na siku ile sisi tulikuwa mwisho wake."

Wasomaji wapenzi, hatukuwa na jibu katika kanisa lile, wala hatulo hata leo. Ni rahisi sana kuona boriti katika duka la Piccadilly.

Wengine watauliza, "Je, mwataka tusipatane bei sokoni?" La. Kupatana bei ni desturi yetu, na ina furaha yake na maongezi yake. Mchuuzi mwenye duka lililojaa, ambaye ametaja bei mara mbili kwa kuwa ameona viatu vyako, patana naye mpaka mcheke wote wawili. Lakini yuko mwingine ambaye anauza alichokilima kwa mkono wake, jua linakuchwa, na hana la kufanya. Huyo hapatani nawe, anashindwa nawe. Mwenye macho huwatambua mara moja.

Twaongeza maneno machache kwa nyumba zetu. Yule msichana anayewasaidia kazi, na yule kijana anayewateka maji, wapewe mshahara wao siku iliyosemwa, si siku ya pili. Wao nao wako mwanzo wa njia, na chakula chenu hupita mikononi mwao.

Nanyi walimu, hili hapa somo lisilohitaji kitabu. Mwambieni kila mtoto achukue kitu kimoja alichokula asubuhi, chai au uji au kiazi, aandike majina ya kazi zote zilizokifikisha mdomoni mwake, tangu kupanda mpaka kupika. Mwalimu wetu amekwisha kulijaribu somo hili katika darasa la tano. Mtoto mmoja alihesabu kazi kumi na saba kwa kikombe kimoja cha chai, kisha akauliza, "Na aliyeosha kikombe je?" Akapata alama zote.

Tuliporudi nyumbani tulikwenda sokoni, jioni vile vile. Yule mama alikuwapo. Tukauliza bei ya fungu, akaitaja, tukamlipa bila neno. Akazitazama zile fedha, akatutazama sisi, kwa kuwa alitukumbuka vizuri sana. Akadhani labda tumekosea, akasema, "Ni fungu moja tu, jamani." Tukasema twajua. Akakaa kidogo, kisha akaokota nyanya mbili kubwa kuliko zote, akazitia katika kikapu chetu, akasema, "Hizo za watoto."

Tumeingia katika duka lenye zulia jekundu na saa yenye kuamkia watu, nasi twashukuru kwa kuliona. Lakini tukiulizwa ni wapi tulipopokewa kwa heshima kubwa zaidi katika safari ile yote, tutataja soko letu, na nyanya mbili.

Kwa herini hata mwezi ujao.